Umeiunga mwenyewe, imegoma: kutafuta ugonjwa wa kompyuta ya mezani

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Nimeunga kila kitu, feni zinazunguka, kioo cheusi tii."

"Marahaba. Umegusa nini mara ya mwisho?"

Akanyamaza kidogo. "Vyote, mjomba. Ndiyo naiwasha mara ya kwanza."

Kompyuta iliyokuwa nzima jana ikigoma leo, kuna kitu kimoja kilichobadilika, na ukikirudisha kilivyokuwa umemaliza kazi. Ya kuungaunga haina jana. Mazabodi (bodi kuu) umeinunua kwa mtu, prosesa (ubongo wa mashine) imetoka kwa mwingine, RAM (kumbukumbu ya muda) umeiokota Kariakoo Jumamosi, na pawa saplai (boksi la kugawa umeme) ilikuja na kesi. Kila kifaa ni mshukiwa, na mfuko hauruhusu kununua vya kujaribia bahati. Kwa hiyo mimi hufuata njia ya umeme: ukutani, pawa saplai, mazabodi, prosesa, RAM, picha, diski, halafu Windows. Natafuta safari imekwamia kituo gani. Vituo vya mbele yake siviulizi kitu. Mtu anayeweka Windows upya wakati mashine inazimika ikiwa bado kwenye BIOS, programu ya mazabodi inayotangulia Windows, anajinyima usingizi bure.

Zana si nyingi: bisibisi ya nyota, multimita ya bei poa, flashi ya GB 8, raba ya kufutia ya mwanafunzi na chupa ndogo ya spiriti. Ukiwa na kipande kimoja cha RAM ambacho una hakika ni kizima, hicho kina thamani kuliko zana zote.

Unabonyeza, hakuna kinachojibu

Anza ukutani, na usione aibu. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile, kisha kwenye ekstensheni ileile. Tazama kaswichi nyuma ya pawa saplai: alama ya I ni kuwaka, O ni kuzima. Baadhi ya pawa saplai za zamani zilizokuja na mzigo wa mitumba zina kaswichi kekundu kalikoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kakiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja na harufu, na hiyo pawa saplai usiisumbukie tena. Kaangalie kabla ya kuchomeka.

Kinachofuata ni swichi ya kesi. Vile viwaya vyembamba vya mbele ndivyo vinavyowekwa vibaya kuliko kitu kingine chochote, maana pini zake ni ndogo na maandishi yake hayaonekani bila tochi. Vichomoe vyote, tafuta pini mbili za PWR_SW kwenye ramani ya mazabodi, ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi sekunde moja. Ikiwaka, mazabodi ni nzima: ama swichi imekufa, ama uliichomeka pini za jirani. Swichi ikiwa ndiyo iliyokufa, chukua waya wa RESET uuchomeke pale pa PWR_SW na maisha yaendelee. Kompyuta yangu mwenyewe ina mwaka wa tatu inawashwa kwa kitufe cha RESET.

Isipowaka, shika multimita. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, waya wa zambarau, pini ya 9, unatakiwa kuwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi umeme umechomekwa. Haupo? Ama pawa saplai imekufa, ama imejifunga kwa sababu kuna shoti mbele yake. Ili kujua, chomoa plagi zake zote zilizo ndani ya kesi, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi. Pima wa njano: uwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Amini multimita kuliko feni, maana kuna pawa saplai ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto. Nayo iliyofaulu mtihani huu bado haijathibitika kuwa nzima. Imethibitika kuwaka bila mzigo tu. Na usiifungue ukaingiza vidole. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Kuna ile inayowaka vizuri nje, ukiirudisha ndani ya kesi inakufa. Hiyo ni shoti, na mara nyingi mkosaji ni kijiguu cha shaba kilichoachwa chini ya mazabodi mahali pasipo na tundu la skrubu. Toa mazabodi, ilaze juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, feni yake na RAM moja, uwashe. Boksi la karatasi, narudia. Ule mfuko wake wa rangi ya fedha unaweza kupitisha umeme kwa nje.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Hapa ndipo alipokuwa mpwa wangu, na hapa ndipo walipo wengi. Feni kuzunguka hakumaanishi kitu. Inazunguka kwa sababu imepata volti 12, hata prosesa ikiwa haijaamka.

Maswali ya aibu kwanza. Waya wa HDMI umechomekwa kwenye kadi ya picha, au kwenye mazabodi juu yake? Kama huna kadi, je, prosesa yako ina picha ndani? Ryzen 5 3600 na 5600 hazina. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Ryzen 5 5600G inayo, na herufi hiyo moja ndiyo tofauti. Nimekutana na kijana aliyenunua 5600 kwa bei nzuri, akapanga kutafuta kadi mwezi ujao. Mwezi mzima asingeona hata BIOS.

Halafu plagi ya prosesa. Ile ya pini 4+4, juu kushoto, huwa imejificha nyuma ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) na wengi huisahau. Plagi ya 24 peke yake inatosha kuzungusha feni na kuwasha taa za rangi, ila prosesa itabaki usingizini.

Baada ya hapo iulize mazabodi yenyewe. Nyingi za bei ya kati zina taa nne ndogo pembeni: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha), BOOT (diski ya kuanzia). Taa inayobaki imewaka ndiyo kituo ulichokwama. Kama yako haina, nunua kaspika kadogo ka milio uchomeke, kisha hesabu milio na ulinganishe na kitabu cha mazabodi hiyo, maana kila kampuni ina lugha yake.

Ikibaki taa ya CPU kwenye mashine ya AM4, soketi ya prosesa za AMD kama Ryzen 5 5600, mshukiwa wangu wa kwanza ni BIOS ya zamani. Bodi za B450, ambazo ni za AM4, zilitoka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Bodi iliyokaa kwenye boksi tangu mwanzo haiijui prosesa hiyo, na wala haitakwambia hivyo. Zipo bodi zenye kitufe nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kabisa. Flashi iwe na mfumo wa FAT32 na faili lipewe jina ambalo kitabu kinataka. Isiyo na kitufe hicho, azima Ryzen ya zamani, sasisha, kisha rudisha yako. Hii ni sababu ya kutosha ya kuuliza toleo la BIOS kabla ya kutoa pesa.

Mshukiwa wa pili ni pini zilizolala. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, na mtu anayevuta hitisinki kwa nguvu huku pesti ya kupitishia joto imekauka huing'oa na prosesa yake ikiwa imenata. Washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu, ndipo uvute. Pini iliyolala huinuliwa kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, isiyo na risasi ndani, chini ya mwanga mkali. Za Intel, na za AMD kuanzia AM5, ziko kwenye soketi ya bodi na ni laini mno. Hizo mimi siziinui; nampa fundi wa simu mwenye hadubini.

Ikibaki taa ya DRAM, toa RAM zote. Safisha meno yake kwa raba ya kufutia, pangusa kwa spiriti, acha ikauke. Rudisha kipande kimoja kwenye nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ukandamize mpaka usikie mlio. Ukiwa na vipande viwili, kwenye bodi nyingi za nafasi nne vinakaa ya pili na ya nne. Nusu ya kesi za taa hii zinaishia hapo.

Ya mpwa wangu haikuishia hapo. Nikamwambia anisomee karatasi iliyobandikwa kwenye RAM. "PC4-2400T, kistari, R." Hiyo R ndiyo iliyomnyima usingizi. RAM ya kompyuta ya kawaida ina U mahali hapo. R ni ya seva. Za DDR4 (kizazi cha nne cha RAM) zinaingia kwenye nafasi bila ubishi wowote, ndiyo maana mnunuzi hashtuki, lakini bodi ya kawaida haiziwashi. Huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu seva zinazostaafu ni nyingi. Kwenye DDR3 kuna mtego unaofanana: zipo RAM za bei rahisi zinazofanya kazi kwenye bodi za AMD peke yake, na muuzaji huwa hasemi mpaka uulize.

Onyo moja kwa walioamua kwenda DDR5 na AM5. Mara ya kwanza kuwaka, bodi hujifunza RAM, na inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa. Kanywe chai kwanza. Watu wamezima na kuwasha mara kumi, kila mara wakiirudisha mwanzo.

Kadi mpya kwenye mtumba wa ofisini

Wenye bajeti ya kati wengi hapa kwetu hawaungi kutoka sifuri. Wananunua Dell OptiPlex au HP iliyotoka ofisini Ulaya, wanaongeza SSD (diski isiyozunguka), RAM na kadi ya picha. Ni njia nzuri, ila ina magonjwa yake.

OptiPlex 9020 ya kesi kubwa ina pawa saplai ya wati 290, na plagi yake ya mazabodi ni ya pini 8, si 24. Ule mtihani wa klipu usiufanye humo, na pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta. Hakuna plagi ya kadi ya picha. Kwa hiyo kadi inayofaa ni ile inayoishi kwa umeme wa nafasi yake, yaani wati 75: GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na plagi juu. Tazama picha ya muuzaji vizuri, maana 1650 nyingine zina plagi ya pini 6. Kama kesi ni ile nyembamba, kadi nayo iwe fupi na kibati chake kiwe kifupi.

Dalili ya aliyekiuka haya ni moja: mezani kila kitu shwari, mchezo ukianza tu, kioo kinakata na mashine inajiwasha upya. Au kuna harufu ya plastiki. Hapo utakuta adapta iliyotoa umeme kwenye plagi ya SATA ya diski kwenda pini 6 za kadi. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye volti 12. Pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Hesabu hiyo ndiyo inayoyeyusha.

Kama kadi inaonekana kwa jina sahihi lakini michezo inatambaa, ipime kwa programu ya GPU-Z. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijiite 1050 Ti, na programu hiyo nyingi huzitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina. RX 580 nazo ni mbili: ya kawaida ina viini 2304, na ile ya 2048SP ina 2048. Si feki, ila usilipie bei ya kubwa.

Na kabla hujamwaga pesa kwenye mashine ya Intel kizazi cha 4 kama hiyo 9020, kumbuka Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel huanzia rasmi kizazi cha 8. Kwa Linux bado ni mashine ya haki kabisa. Ila kama bado hujanunua, tafuta ya kizazi cha 8 hata kama SSD itasubiri mshahara mwingine.

Inazimika katikati ya kazi

Hapa saa ndiyo daktari. Andika inazimika baada ya muda gani, ukifanya nini.

Inazimika papo hapo mzigo unapopanda? Pawa saplai. RX 6600 inavuta wati 132 na Ryzen 5 5600 inaweza kufika 76. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 inazibeba bila jasho. Neno ni "ya kweli". Ile nyepesi kama boksi la viatu tupu, iliyoandikwa 600W kwa herufi kubwa, isome karatasi ya pembeni: zidisha ampea za volti 12 kwa 12. Ukipata 200 na kidogo, hizo ndizo wati zako. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho siwezi kumshauri mtu anunue mtumba asiojua ulikotoka.

Inazimika baada ya dakika kumi au ishirini? Joto. Fungua programu ya HWiNFO utazame joto la prosesa. Ryzen 5 5600 ina kikomo cha nyuzi 90. Ikifika huko hupunguza mwendo kwanza. Kama imefika ndani ya dakika moja ya kuwashwa, hitisinki haijagusa prosesa: skrubu moja haijakaza, au ile karatasi ya plastiki ya chini haijabanduliwa. Usicheke, hutokea kila mwaka. Kama inapanda taratibu ni vumbi, na kwa tunaokaa karibu na bahari ni vumbi lililochanganyika na chumvi na kugandana kwenye mapezi. Shika feni kwa kidole unapopuliza kwa blowa, isizunguke ovyo ikaua beringi zake.

Inazimika bila mpangilio, wakati mwingine umeacha tu ikiwa imewaka? Sikiliza nyumba. Friji ikianza, pasi ikichomekwa, umeme ukishuka taa zikafifia, je, ndipo inapozima? Basi unahitaji UPS, boksi lenye betri la kushikilia umeme ukikatika, na usidanganywe na VA zilizoandikwa juu yake. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba kama wati 360 tu, na betri yake ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, si kumalizia mechi.

Kama nyumba haina hatia, pima RAM kwa programu ya MemTest86 usiku kucha. Kosa moja ni nyingi mno. Likitokea, zima XMP (mpangilio wa kuharakisha RAM) kwenye BIOS upime tena. Mara nyingi RAM ni nzima ila inakimbizwa kuliko inavyoweza.

Windows itakuandikia Kernel-Power 41, na utakuta watu wanaitafutia dawa. Haina dawa. Inasema mashine ilizimika bila kuaga, jambo ambalo ulikuwa umeliona kwa macho.

Diski haionekani

Hapa napita haraka. Diski ya M.2 (ile kama kijiti bapa) si lazima iwe NVMe, ile aina ya kasi; kuna za SATA zenye umbo lilelile, na kuna nafasi zinazokubali aina moja tu. Kwenye bodi nyingi, ukijaza nafasi ya M.2, moja au mbili za SATA hufa, kwa hiyo diski yako ya zamani "iliyokufa" imekosa mahali tu: ihamishe plagi. Ikionekana kwenye BIOS lakini Windows haianzi, huenda iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na bodi mpya imezima CSM, yaani uwezo wa kuanzisha mifumo ya zamani. Washa CSM ujaribu kabla ya kufuta chochote. SSD ya jina usilolijua yenye TB 2 kwa bei ya GB 240, ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla hujaweka picha za harusi.

Inawaka, ila nzito

Tazama mambo matatu. RAM ni kipande kimoja au viwili? Kwa 5600G inayotegemea RAM kwa picha, kipande kimoja kinakata mwendo wa michezo vibaya sana. XMP imewashwa? Bila hiyo, RAM iliyouzwa kama 3200 inaweza kuwa inatembea 2133 au 2400. Na Windows iko kwenye SSD, au bado kwenye diski ya kuzunguka? La tatu likiwa ndiyo shida, mengine yote hayatasaidia.

Ukiona RAM ya GB 16 inaonekana 8, usikimbilie kusema umeibiwa. Ikandamize tena. Kwa Intel, legeza kidogo skrubu za hitisinki. Zikikazwa upande mmoja, pini za soketi ya prosesa zinazohudumia upande mmoja wa RAM hukosa kugusa.

Saa inarudi nyuma

Mpwa wangu alirudisha RAM ya seva, akalipia tofauti, akarudi na yenye U. Ikawaka mara ya kwanza. Kesho yake simu ikalia tena. "Mjomba, intaneti ipo lakini tovuti zote zinasema si salama. Halafu XMP niliyoiwasha jana imejizima."

"Saa inasoma mwaka gani?"

"2019."

Mazabodi ya mtumba, betri imekwisha. Cheti cha tovuti kilichotolewa mwaka huu hakikubaliki kwa mashine inayodhani iko 2019, na BIOS isiyo na betri husahau kila ulichoipangia ukichomoa umeme. Betri ni ile sarafu ya volti 3, CR2032. Ikipima chini ya 2.8 ibadilishe. Chomoa umeme, bonyeza kile kiulimi cha pembeni, itajiruka yenyewe. Upande wenye maandishi ubaki juu.

Nikamwambia aende kwa fundi saa wa mtaani kwao akaiulizie. Alidhani namtania.